Hukumu Kabla ya Kuonja Piza

Kwa wiki tatu nzima Guido Belardi alikuwa akiifanyia mazoezi sentensi moja. Aliisema bafuni akinyoa ndevu, akaisema nyuma ya nyumba akimwagilia nyanya za mkewe, na asubuhi ile ya Jumapili aliisema tena ndani ya gari, midomo ikicheza bila sauti, huku mkewe Bernadette akiendesha kuelekea New Haven. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Shemeji, nimeshindwa, piza bora Marekani nzima iko kwenu." Kwa mtu mwingine hayo ni maneno ya kupitishia wakati tu. Kwa mtu aliyezaliwa Old Forge, akabatizwa Old Forge, na akapeleka barua nyumba kwa nyumba Old Forge miaka thelathini na mmoja, ilikuwa sawa na kuikana dini.

"Unaongea na nani?" Bernadette aliuliza.

"Nasali."

"Wewe? Basi dunia inakwisha leo. Ngoja nipunguze mwendo."

Guido alirekebisha mkanda wa kiti. Alijua akimwambia mkewe anachotaka kufanya, gari lingegeuzwa palepale barabarani.

Old Forge ni mji mdogo wa Pennsylvania. Mtu akipiga chafya mtaa wa juu, mtaa wa chini wanamwambia pole. Lakini una maduka ya piza mengi kuliko makanisa, na makanisa si haba. Piza yao huokwa kwenye trei ya mstatili, mkate laini ndani, chini umekauka kwa mafuta, na jibini mchanganyiko ambao kila mwokaji amekula kiapo asiutaje. Hukatwa vipande vya pembe nne, na watu hugombania vile vya kona. Anayeingia dukani na kuagiza chochote kisichoitwa trei au kipande anajulikana hapohapo kuwa ni mgeni, na huhudumiwa kwa huruma. New Haven wao wana yao. Ni nyembamba, imepindapinda, imeungua madoa meusi kwenye tanuri la makaa ya mawe, na huko kuungua ndiko wanakojivunia.

Sasa, miaka ishirini na tisa iliyopita, Loretta, dada yake Guido, aliolewa na Alphonse Ruocco, fundi bomba wa New Haven. Guido alipeleka trei sita kwenye karamu ya harusi, zikiwa na moto wake, amezifunga kwa mablanketi. Bwana harusi, suti imemkaa kweli, alifunua ya kwanza akaitazama, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Huu mkate wa jibini ni wa nani? Kuna watoto wa chekechea wamealikwa?"

"Afadhali wa chekechea," Guido akamjibu, "kuliko nyinyi mnaokula majivu ya jiko."

Wakaangaliana. Wakacheka mpaka bibi harusi akaona wivu. Kwetu Waswahili tungeuita huo utani wa mashemeji, tukamaliza. Wao hawana jina lake, lakini wanao, na wanautunza vizuri kuliko sisi. Tangu siku ile hapakupita Krismasi, ubatizo wala mazishi ambapo hao wawili hawakukaa kona moja na kubishana ni wapi Marekani unapopata piza bora. Wakitajiwa Chicago, huungana dakika mbili kuitukana. Wakitajiwa New York, hutikisa vichwa kama waliotajiwa jirani mlevi. Kisha hurudi kwenye vita vyao.

Figo za Guido ziliposhindwa kazi, akawa anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Mtaalamu wa lishe alimpa orodha ya vitu vya kuacha: nyanya, jibini, chumvi, na maji anywe kwa kupima. Ukiondoa nyanya, jibini na chumvi kwenye piza, unabakiwa na kitambaa cha meza. Guido aliipokea orodha ile akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati.

Watu walimhurumia, na huruma yao ndiyo ilimchosha. Bernadette aliacha kabisa kuleta trei nyumbani. Ijumaa za Kwaresima, nyama ikiwa mwiko, wanawake wa parokia walipokuwa wakioka piza kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, Guido alipopita walificha maboksi nyuma ya migongo yao na kuanza kuzungumzia hali ya hewa. Rafiki zake wakawa wanamsemesha polepole, kama mtu aliyekwisha kuwekwa ndani ya jeneza na kifuniko tu ndicho bado.

Alphonse peke yake hakubadilika. Kila Ijumaa saa nane mchana, Guido akiwa kwenye kiti, sindano mbili mkononi, simu ililia.

"Bado hujafa?"

"Bado."

"Basi sikiliza. Jana nimepita mahali wanauza piza ya trei. Nimeikanyaga kwa bahati mbaya nikadhani ni zulia."

Na ubishi ukaanza. Wauguzi walizoea kumwona mzee wa kiti cha dirishani akifoka, "Makaa! Makaa ni ya treni, si ya chakula!" Mapigo ya moyo yalipopanda walikuwa wanakuja mbio, baadaye wakaacha. Miaka minne, kila Ijumaa. Guido hakuwahi kujiuliza kwa nini ni Ijumaa, siku ambayo Old Forge nzima inanukia piza. Alijua tu kwamba Jumatatu na Jumatano zilikuwa ndefu, na Ijumaa ilikuwa fupi.

Loretta alipimwa ili amtolee kaka yake figo, akakataliwa kwa sababu ya kisukari. Akalia wiki nzima. Kisha Ijumaa moja ya Machi simu ikalia kama kawaida.

"Shemeji," Alphonse alisema, "nina habari mbaya. Nimekwenda kupima kwa siri, na figo yangu inakufaa. Naionea huruma maskini. Imekulia New Haven, imesoma New Haven, sasa inakwenda kuishi Old Forge."

Machozi yalimdondokea Guido kwenye blanketi na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Halo? Umezimia? Usife leo bwana, nimeshaomba likizo."

Wakapasuliwa mwezi wa Mei, siku moja, vyumba viwili vya jirani. Figo ile ilianza kazi kabla daktari hajamaliza kushona. Alphonse, bado anayumba kwa dawa za usingizi, aliomba asukumwe kwa kiti mpaka kitandani kwa Guido, akatazama mfuko wa mkojo uliojaa, akatikisa kichwa kwa heshima ya kifundi. "Bomba halivuji," alisema.

Basi utamshukuruje mtu kama huyo? Guido alijaribu kila njia. Alimnunulia saa ya mkononi, ikarudi kwa posta, na yeye, mpeleka barua, alijua vizuri maana ya kifurushi kurudishwa. Alimwandikia barua ya kurasa tatu, Alphonse akampigia kumwambia mwandiko wake ni mbaya. Alianza kusema "asante" kwenye simu, akakatizwa na habari za chachu. Shukrani isiyotoka humkaa mtu kifuani kama mfupa kooni, na Guido alilala nayo na kuamka nayo. Ndipo akakumbuka kwamba kuna kitu kimoja tu ambacho Alphonse amekitaka kwake kwa miaka ishirini na tisa. Madaktari walipomruhusu kula piza, hakula. Akaweka nadhiri kwamba piza yake ya kwanza itakuwa mezani kwa Alphonse, New Haven, na hapo ndipo atakapompa ushindi.

Waliwakuta Alphonse na Loretta kwenye foleni, nje ya duka la matofali mekundu mtaa wa Wooster. Walikuwa wamesimama tangu saa tano, foleni imepinda kona. Alphonse alikuwa amevaa koti zuri, la kuendea harusi, na alikuwa hatulii, anahama mguu huu kwenda ule.

"Barakoa ya nini hiyo?" alimpokea Guido. "Unajificha wenzako wa Old Forge wasikuone?"

"Daktari amesema penye watu wengi nivae."

"Bomba langu?"

"Halivuji, shemeji."

"Safi. Leo nalilisha chakula cha nyumbani kwao. Limekonda kwa mikate yenu."

Guido hakujibu utani. Alitabasamu tu, kwa upole. Alphonse alimtazama kidogo, kisha akatazama pembeni.

Wakapata meza. Ikaja piza juu ya sinia la chuma, haina umbo, imetandazwa nyanya nyekundu na jibini, kingo nyeusi zinatoa moshi. Miaka minne. Pua ya Guido ilifunguka, mate yakamjaa, lakini aliona kwanza alipe deni la moyo. Alivua barakoa, akasimama, akashika ukingo wa meza.

"Shemeji," alisema, "nimeshindwa. Piza bora Marekani nzima iko kwenu."

Bernadette akashusha uma. Loretta akajiziba mdomo. Meza ya jirani wakageuka, maana mtaa ule maneno kama hayo kutoka kwa mgeni ni ya kupigiwa makofi.

Alphonse hakupiga makofi. Alitazama kipande kilichokuwa kwenye sahani ya Guido. Kilikuwa kizima.

"Hujaionja," alisema.

"Haina haja. Najua."

"Hujaionja, Guido! Hujauma hata ukingo! Unajuaje?"

"Shemeji, nakubali tu. Umeshinda. Miaka yote hii..."

"Nimeshinda nini? Nani amekuuliza?" Alphonse alisimama, uso umemwiva. "Kwa hiyo ndiyo itakuwa hivi? Nikisema mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu, utasema naam shemeji? Nikisema nina sura nzuri, utasema naam shemeji?"

"Nataka kukushukuru, bwana! Utaniacha nikushukuru lini?"

"Kwa uongo? Mimi nilikupa figo ili uwe mzima. Nilimpa mtu mbishi, kichwa kigumu, mtu wangu." Sauti ilimkatika. "Sasa naona kuna mtu nimempoteza kwenye ile hospitali, na hakuna daktari aliyeniambia."

Akatoka, akapita katikati ya foleni, koti likabaki kwenye kiti.

Guido alikaa. Piza ilikuwa inapoa na hakuna aliyeigusa. Alijiona mjinga, na zaidi ya ujinga aliona hofu, kwa sababu aliijua sauti ile. Haikuwa sauti ya mtu aliyekasirika. Ilikuwa ya mtu aliyevunjika.

"Kaka," Loretta alisema taratibu, "unajua ameisubiri siku hii kiasi gani? Miaka minne anabishana na mtu asiyeweza kula. Anakata simu, anakwenda gereji, anakaa huko peke yake. Alisema, 'Siku Guido akikaa mbele yangu anatafuna, hapo nitajua amepona.'" Akatia mkono mfuko wa koti la mumewe, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Wiki nzima anaandika. Chukua."

Guido hakuifungua mpaka wamefika mbali barabarani. Piza walipewa kwenye boksi, ikawa juu ya mapaja yake. Bernadette alikuwa ameshamaliza kumsema, kwa maneno ambayo sitayaandika. Guido akafungua karatasi. Ilikuwa na mwandiko mbaya kuliko wake, na yalikuwa matusi, yamepangwa kwa namba.

*Moja. Trei ni ya kuokea biskuti. Muulize mama yako.*

*Mbili. Jibini yenu hata panya anaila kwa sababu hana pengine pa kwenda.*

*Tatu. Akisema imeungua, mwambie nyinyi mnaogopa moto kwa sababu hamjui kupika.*

Yalifika kumi na moja. Guido alikuwa ameanza kucheka, tumbo linamuuma kwenye mshono, mpaka alipofika chini kabisa, pasipo na namba, Alphonse alipojiandikia mwenyewe:

*Akianza kulia, usimwangalie. Anzisha habari ya kombe.*

Kombe wa baharini, hao wa kwenye magamba, ndio watu wa New Haven huwatandaza juu ya piza pamoja na kitunguu saumu, na hakuna jambo lililomkera Guido maishani kuliko hilo. Alikunja karatasi. Akageukia dirishani. Kisha, kwa kuwa njaa haina miiko, alifungua boksi akala kipande cha baridi, halafu cha pili, halafu akala na zile kingo nyeusi. Bernadette alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Vipi?"

Guido alifuta mdomo. "Ukimwambia mtu," alisema, "nakupa talaka."

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko zote za mashine. Jumatatu alikwenda kupima damu, wakamwambia figo inacheza ngoma. Alimshukuru Mungu, akamshukuru muuguzi, akarudi nyumbani na mfupa ule ule kooni. Alianza kuelewa, polepole kama mtu wa posta anavyoelewa, nyumba moja baada ya nyingine. Alikuwa amemshukuru Alphonse kwa figo tu, kana kwamba kabla ya figo hakupewa kitu. Na hicho alichopewa kabla, kila Ijumaa, ndicho alichotaka kukizima kwa sentensi yake ya adabu. Wahenga wetu walisema shukrani ya punda ni mateke, na wakasema kwa kulaumu. Guido kosa lake lilikuwa jingine kabisa. Alimpelekea maua mtu aliyekuwa anangoja teke.

Ijumaa ikafika. Saa nane ikafika. Guido alikaa jikoni, simu mbele yake, na simu haikulia. Saa nane na robo, haikulia. Tangu alipougua haijawahi kutokea, hata wiki ile waliyopasuliwa Alphonse alipiga kutoka chumba cha pili.

Guido akavaa kofia, akatembea mpaka duka la kona ambalo barua zake alizipeleka miaka yote ile. Walipomwona anaingia, mama wa kaunta alianza kuficha boksi kwa mazoea.

"Lete trei," Guido alisema. "Nyekundu, ya nyanya. Na usinihurumie."

Yule mama alimwangalia, macho yakamjaa, akamletea trei ya moto kutoka jikoni, akakataa kabisa kuongelea hali ya hewa. Guido alikula kipande cha kona palepale amesimama. Mkate ulikuwa laini, chini unalia meno yakigusa, jibini inavutika mpaka kidevuni, na alilia mbele za watu bila aibu, kwa furaha, kwa sababu alikuwa hai na mdomo wake ulikuwa wake tena. Kisha akabeba trei nyumbani, akakaa, akafungua ile karatasi, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akapiga simu yeye.

Iliita muda mrefu.

"Nini?" Alphonse alisema.

"Bado hujafa?"

Guido akavuta trei karibu.

"Sikiliza, we fundi bomba. Sasa nimeonja zote mbili. Yenu nimeila njiani kwa sababu sikuwa na kitu cha kuwashia moto. Nimetafuna makaa mpaka meno yamekuwa meusi, mke wangu amekataa kunibusu. Na namba moja, mama yangu nimemuuliza. Anasema trei ni ya piza, na wewe hakukutaka tangu mwanzo."

"Nani amekupa karatasi yangu?"

"Namba mbili. Panya wa kwetu ana akili. Yuko Old Forge, hajahamia kwenu."

"Rudisha karatasi yangu, mwizi we!"

"Namba tatu. Hatuogopi moto. Tunajua kuuzima chakula kikiiva."

Alphonse alianza kucheka. Alicheka kwa kujizuia, kisha akashindwa kujizuia, na Guido akasikia upande wa pili kiti kikivutwa, mtu akikaa kwa starehe, kama mtu aliyerudi nyumbani. Walibishana dakika arobaini. Walifika namba kumi na moja, wakarudi kwenye namba nne kwa sababu haikuisha vizuri.

"Haya," Alphonse alisema mwishowe, "nina choo cha watu kinafurika. Naenda."

"Shemeji. Asante."

"Tumeanza tena! Asante ya nini? Nimekwambia habari ya figo..."

"Si ya figo," Guido alisema. "Ya kupiga simu. Zile Ijumaa."

Guido akabana simu sikioni. Akasikia pumzi, na pumzi ikakatika, na mtu mzima, fundi wa miaka mingi, akavuta kamasi akijaribu kusogeza simu mbali na mdomo. Guido aliitazama karatasi iliyokuwa mezani, pale chini kabisa.

"Na hao kombe wenu," alisema, "nani aliwadanganya kwamba wanawekwa kwenye piza?"